Siena, San Gimignano, Assisi au Orvieto? Nina siku tatu tu

NyotaYaMoshi (mleta uzi)
Jumatatu, saa 2:14 usiku

Wakuu, habari za humu. Naomba ushauri wa waliofika Italia kwa miguu yao, sio walioiona kwenye picha.

Nitakuwa Roma kwa shughuli nyingine, ikiisha nabaki na siku tatu za kwangu. Nataka nizitumie kwenye mji mmoja wa kale, ile ya mlimani yenye kuta na vichochoro vya mawe. Mmoja tu, sitaki kukimbizana na mabegi. Nimesoma mpaka macho yameuma, nimebaki na minne: Siena, San Gimignano, Assisi na Orvieto. Kila nikilala naamka na jibu jipya.

Hoteli natakiwa kuwa nayo wiki hii kwa sababu ya makaratasi ya viza. Tutakuwa wawili. Bajeti ya kawaida. Nisaidieni.

Mtanashati07
saa 2:31 usiku

Wawili! Hongereni sana. San Gimignano, usiulize mara ya pili. Mnapanda ule mnara mkubwa jioni, jua linazama juu ya mashamba ya mizabibu, mnashuka mnakula aiskrimu pale kwenye uwanja wa kisima. Mke wangu akinuna hadi leo namwonyesha zile picha, anacheka mwenyewe.

Minara imebaki 14. Wenyewe wanasema ilikuwa 72. Kila tajiri alijenga wa kwake kumzidi jirani, hakuna cha jeshi wala nini, ni sifa tu. Kama magorofa ya Kariakoo, tofauti ni miaka 700.

DadaPerugia
saa 2:40 usiku

Tulieni kwanza. Mleta uzi, unakuja mwezi gani? Unarudi Roma kupanda ndege au unaondokea kwingine? Treni au gari la kukodi? Na huyo wa pili ni nani, ana miguu ya namna gani? Usipojibu hayo kila mtu humu atakuuzia mji wake.

Huu mwaka wa kumi na moja naishi Umbria, wageni nimepokea wa kutosha. Kuna mmoja alishuka kituoni Assisi na viatu vya harusi.

Fundi Saa
saa 2:58 usiku

Siena. Sababu yangu ni moja: ule mji bado una wenyewe. San Gimignano mabasi ya watalii yakishaondoka jioni unabaki na paka. Siena kuna mitaa 17, kila mmoja una bendera, kanisa na nembo yake, na mtu anazaliwa wa mtaa fulani na kuzikwa wa mtaa huo. Upo mtaa wa Twiga. Mtaa wa Torre nembo yao tembo aliyebeba mnara mgongoni. Selva wana kifaru chini ya mwaloni. Nimezaliwa Karatu mimi, nimeenda kumkuta twiga kwenye kibao cha kauri Italia. Nilisimama pale nacheka peke yangu kama kichaa.

Mbio zao za farasi, Palio, ni 2 Julai na 16 Agosti. Farasi kumi, mizunguko mitatu ya ule uwanja wao uliolala kama kombe, dakika moja na nusu kwisha habari. Mpandaji akianguka farasi akaendelea mwenyewe na kufika wa kwanza, mtaa wake umeshinda.

Halafu ingia jumba la manispaa, kuna chumba Ambrogio Lorenzetti alichora kuta zake mwaka 1338 hadi 1339. Ukuta mmoja mji wenye utawala mzuri: mafundi wako juu ya paa, mwalimu anafundisha, watu wanacheza ngoma barabarani, punda wanaingia na mizigo. Ukuta wa pili utawala mbovu: nyumba zinabomolewa, shamba limekauka, anayefanya kazi ni mfua silaha peke yake. Ningekuwa na uwezo ningekodi basi niwapeleke madiwani wetu wakae mle saa nzima bila simu.

Haikupita hata miaka kumi, 1348, ikaja tauni. Kanisa kuu walikuwa wanalipanua liwe kubwa kuliko yote, kazi ikasimama. Ukuta wa mbele wa lile ambalo halikuisha upo mpaka leo, wazi, bila paa. Mimi hilo ndilo lililonigusa kuliko kanisa zima lenye paa.

Mtanashati07
saa 3:05 usiku

Fundi umeandika risala. Watu wanaenda kula raha wewe unawapeleka semina ya utawala bora 😂

Kobe Mzee
saa 3:47 usiku

Siena ni nzuri, ila mtu asiende na gari. Mnisamehe urefu, hili lazima nilimalize.

2019 mimi na mdogo wangu tulikodi gari uwanja wa ndege. Kampuni siitaji. Yule dada wa kaunta katabasamu vizuri, katupa funguo, kuhusu ZTL, yaani eneo la katikati ya mji ambalo gari lisilo na kibali haliruhusiwi, hakutamka hata herufi moja. Tumefika Siena saa 1 usiku, mvua inanyesha. Ramani ya simu inasema kulia, nikakata kulia. Pana kibao cheupe chenye duara jekundu na maneno ya Kitaliano chini yake. Mdogo wangu akasema, "Hicho cha malori, kaka, twende."

Njia ikazidi kuwa nyembamba. Watu wenye miavuli wanajibanza ukutani kunipisha, na hawanipishi kwa furaha. Bibi mmoja akagonga kioo changu kwa ncha ya mwavuli, akaninyooshea kidole juu ukutani. Nikampungia mkono. Wallahi nilidhani ananikaribisha. Tukakosa hoteli, tukazunguka, tukapita palepale tena, tukakosea, tukapita mara ya tatu. Bibi alikuwa bado yupo, safari hii alitikisa kichwa tu.

Juu pale alikuwa ananionyesha kamera.

Tumerudi Dar, maisha yanaendelea. Mwezi wa nne baadaye benki inanitumia ujumbe: umekatwa euro 45. Sijakaa sawa, 45 nyingine. Halafu ya tatu. Napiga simu kampuni ya gari naambiwa hiyo sio faini, mzee, hiyo ni ada yetu ya kuipa manispaa jina na anwani yako. Faini zenyewe zikaja kwa posta mwezi wa tisa, bahasha tatu, kila kupita pale ni kosa la peke yake. Sheria yao inawapa siku 360 kumtafuta mtu anayeishi nje ya Italia, na hawana haraka. Ukilipa ndani ya siku tano tangu upokee unapunguziwa asilimia 30. Mimi nilikuwa Mwanza kikazi, bahasha kasaini katibu muhtasi wa ofisi akaziweka kwenye droo na kadi za harusi.

Jumla ilifika kama nauli ya kwenda Zanzibar na familia nzima na kurudi. Kwa hiyo treni. Basi. Punda. Chochote kisicho na namba ya usajili.

Kipanga
saa 4:10 usiku

Pole mzee wangu, ila kosa ni lako. Kibao kilikuwepo, hukukisoma. Na ungeiuliza hoteli kabla, huwa wanaandikisha namba ya gari la mgeni unaingia bila shida.

Kobe Mzee
saa 4:13 usiku

Ningejua hoteli iko wapi ningezunguka mara tatu?

NyotaYaMoshi
Jumanne, saa 12:50 asubuhi

Jamani nimeamka nimekuta mkutano. Asanteni.

Mtanashati, umenichekesha mpaka nimemwaga chai. Huyo wa pili ni mama yangu mzazi, ana miaka 73. Goti la kushoto linamsumbua, anatembea vizuri kwenye tambarare, kupanda ngazi anapanda akiwa na mahali pa kushika. Gari hatukodi, leseni yangu sijaitumia tangu niipate.

Tarehe: tunafika Roma 27 Septemba. Siku zangu tatu ni Ijumaa 2 Oktoba hadi Jumapili 4 Oktoba. Tunapanda ndege tarehe 6 kutokea Roma.

Mtanashati07
saa 1:15 asubuhi

Mama! Na goti! Na mimi nimempandisha mnara wa mita 54! Dada, mbona ulinyamaza hivyo?

DadaPerugia
saa 1:22 asubuhi

Nilijua. Na hizo tarehe umezitaja kama mtu anayetaja siku ya soko.

Dada yangu, Oktoba 4 ni sikukuu ya Mtakatifu Fransisko. Alifariki jioni ya tarehe 3 Oktoba 1226. Piga hesabu: mwaka huu ni miaka 800 kamili. Italia wameirudisha kuwa sikukuu ya taifa kuanzia mwaka huu huu. Na imeangukia Jumapili. Assisi siku hizo tatu usitegemee kitu cha "bajeti ya kawaida", na kama vyumba vipo bado, leo ndio siku ya kuvitafuta, sio wiki hii.

Swali: mama ni wa dini gani?

NyotaYaMoshi
saa 1:40 asubuhi

WAWATA kindakindaki, wale wanawake Wakatoliki. Sare anazo tatu.

Hapo ndipo penye tatizo ambalo sikuliandika. Mama anataka Assisi. Mimi nataka Siena. Sijamwambia kwamba naomba ushauri humu. Nauli nimelipa mimi, na Roma yote tunayokwenda ni ya shughuli za kanisa, nikasema angalau hizo siku tatu zisiwe za rozari.

Fundi Saa
saa 1:52 asubuhi

Mpe Siena umwambie ni kwa Mtakatifu Katarina. Kazaliwa pale 1347, kichwa chake kipo kanisa la San Domenico, wamekiweka kwenye sanduku la kioo watu wanasali. Mama kapata mtakatifu, wewe umepata uwanja. Kila mtu kashiba.

Mama Chapati
saa 2:03 asubuhi

Fundi Saa unamfundisha mwenzio kumzunguka mama yake mzazi? Mama wa miaka 73 kasema Assisi, ni Assisi. Siena itakuwepo. Uzi ungefungwa hapa.

Shiro_Bologna
saa 3:30 asubuhi

Niko Bologna, mniruhusu niseme kitu hamtaki kusikia. Hiyo miji yote minne iko juu ya mlima. Mnabishana ni mlima gani utaua goti la mama. Kwa nini hakuna aliyetaja Lucca? Tambarare kabisa, kuta zake ni pana, juu wamepanda miti na watu wanatembea na baiskeli, karibu kilomita nne na kidogo mzunguko mzima. Kuna mnara una miti imeota kichwani, mama atautazama akiwa chini na kahawa yake.

Ama njooni kwetu Bologna. Njia zimeezekwa, ukiunganisha zote ni kilomita 62, ziliingia urithi wa dunia 2021. Jua halikupigi, mvua haikupigi. Minara pia ipo, ingawa ule ulioinama, Garisenda, walizungushia uzio tangu 2023 kwa kuogopa utaanguka, na jirani yake wakaufunga.

Pia angalia: tarehe 2 ni Ijumaa. Migomo ya treni Italia hupenda sana Ijumaa. Hutangazwa mapema, kwa hivyo chunguza wiki moja kabla. Na tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa, igonge kwenye kile kimashine kabla ya kupanda. Nilipigwa faini mwaka wangu wa kwanza nikiwa na tiketi halali mkononi.

Kipanga
saa 3:41 asubuhi

Lucca haimo kwenye orodha. Mtu kauliza minne unamletea ya tano na ya sita. Na kuta za Lucca si za zama hizo anazotaka, ni za baadaye sana.

Shiro_Bologna
saa 3:44 asubuhi

Goti halijui karne.

pwani_asilia
saa 5:20 asubuhi

Mie nasoma nacheka. Mtu anakata viza ya euro 90, na bima ya afya yenye kinga ya euro elfu thelathini, kwenda kutazama vichochoro na mawe. Mji Mkongwe umeshapita? Lamu je? Vichochoro vyetu vina kivuli, na baraza la kukaa mama apumzishe hilo goti. Huko kila pahala pa kukaa ni pa kulipia, mwauliza wenyewe.

MwalimuWaHistoria
saa 5:48 asubuhi

Hoja ya pwani_asilia msiipuuze. Mnara mkubwa wa San Gimignano ulimalizika 1311. Ibn Battuta alifika Kilwa 1331 na akauandika kuwa miongoni mwa miji mizuri. Yaani wakati wale wanashindana kupandisha minara, Kilwa masultani walikuwa wanajenga Husuni Kubwa kwa mawe ya matumbawe juu ya jabali la bahari, na bwawa la pembe nane ndani yake. Assisi na Mji Mkongwe zote ziliingia urithi wa dunia mwaka mmoja, 2000. Kilwa iliwatangulia wote wawili, 1981.

Na wote walianguka kwa sababu zinazofanana: biashara kuhama njia, jirani mwenye nguvu, na maradhi. San Gimignano baada ya tauni ilijisalimisha kwa Florence 1353. Umaskini ndio uliookoa ile minara. Hapakuwa na pesa ya kuibomoa wajenge vipya.

NyotaYaMoshi
saa 6:02 mchana

Kilwa nimefika, mwalimu, 2016. Na Lamu namwachia pwani_asilia anikaribishe. Lakini swali langu lina tarehe na lina hoteli.

pwani_asilia
saa 6:10 mchana

Karibu. Njoo na mama.

Kanzu Nyeupe
saa 7:25 mchana

Samahani kuingilia. Mimi ni Muislamu, nilipelekwa Assisi na wafanyakazi wenzangu, nikaenda kwa shingo upande. Nilichokikuta: 1219, vita vya msalaba vikiwaka, Fransisko alivuka mpaka Damietta, Misri, akaonana na Sultani al-Kamil. Akasikilizwa na akarudi mzima. Ndani ya basilika wanayo pembe ambayo inasemekana ni zawadi ya Sultani. Niliitazama muda mrefu kuliko picha zote za ukutani.

Chakula: kule nyama ya nguruwe iko kwenye vitu usivyovidhania, mpaka kwenye maharage. Uliza kila sahani.

Kipanga
saa 7:50 mchana

Wote mmeruka Orvieto, na ndiyo yenye akili kuliko zote kwa mtu anayelala Roma. Treni ya mkoa saa moja na kitu. Ukishuka kituoni unavuka barabara tu, kuna kijitreni cha kamba kinakupandisha mlima mzima dakika chache. Juu kuna basi dogo linakufikisha mlangoni mwa kanisa kuu. Goti halijafanya kazi hata dakika tano.

Kanisa lenyewe lilianzwa 1290, ubavuni lina mistari myeusi na myeupe kama punda milia, mbele linang'aa kwa mozaiki za dhahabu. Ndani kuna kanisa dogo la Signorelli, kachora siku ya mwisho: wafu wanajisukuma kutoka ardhini, wengine bado ni mifupa, mmoja kaweka mikono kiunoni kama mtu aliyeamshwa kwenye usingizi mzuri. Na kwa mama kuna kile kitambaa cha altare cha muujiza wa Bolsena, 1263, hostia ilipotoka damu.

Halafu kisima cha San Patrizio. Papa Klementi wa Saba alikimbilia pale Roma ilipoporwa 1527, akaogopa kuzingirwa bila maji, akaamuru kichimbwe. Zaidi ya mita 50 kwenda chini, ngazi mbili zinazozungukana bila kukutana: nyumbu akishuka na ndoo tupu hakutani na anayepanda na maji. Kila upande ngazi 248.

Mama Chapati
saa 8:01 mchana

Ngazi 248 na goti.

Kipanga
saa 8:03 mchana

Sikusema mama ashuke! Ni mfano tu wa ufundi!

DadaPerugia
saa 2:30 usiku

Nimetoka kazini. Wacha niseme ya Assisi kwa vitendo, maana mashairi yametosha.

Kituo cha treni hakiko mjini. Kiko chini tambarare, mtaa wa Santa Maria degli Angeli, mji wenyewe uko juu karibu kilomita tano. Kosa la wageni wote ni kulala juu na kuanza safari chini. Lala chini, karibu na kituo. Hapo hapo kuna basilika kubwa, na ndani yake, chini ya kuba, kuna kanisa dogo la mawe, kama mtu kaweka kibanda ndani ya uwanja wa mpira. Hiyo ndiyo Porziuncola, na mita chache pembeni ndipo alipofia. Kwa tarehe za mama, ibada kubwa ya jioni ya tarehe 3 iko hapo. Bila kupanda mlima.

Siku ya kupanda: basi la mstari C, usishuke kwenye basilika. Kaa mpaka mwisho kabisa, Piazza Matteotti, juu ya mji. Halafu mnateremka taratibu: kwanza San Rufino, mpaka uwanja wa kati wenye hekalu la Warumi lililogeuzwa kanisa, mnapinda kwa Mtakatifu Klara, mnarudi, mnashuka Via San Francesco mpaka kwenye basilika, na basi la kurudi liko chini yake. Karibu siku nzima mteremko. Goti bovu mteremko nao linauhisi, kwa hiyo fimbo, na viatu vya mpira: lile jiwe la waridi la mlima Subasio likilowa ni sabuni. Kaburi liko chini ya kanisa la chini, ngazi zipo lakini zina pa kushika. Picha hairuhusiwi, mabega yafunikwe. Kuingia bure.

Juu kwenye kanisa la juu mwambie mama aangalie dari. 26 Septemba 1997 tetemeko liliangusha sehemu yake, watu wanne wakafa ndani. Vipande vya michoro waliviokota kimoja kimoja wakaunga tena, miaka miwili kanisa likafunguliwa. Kuna sehemu utaona rangi imekatika, hivyo vipande havikupatikana.

Nyumba za masista zina vyumba safi na rahisi, ila mlango unafungwa mapema usiku. Na chagua chumba unachoweza kughairi bila kukatwa, viza haijatoka bado.

Fundi Saa
saa 2:44 usiku

Dada umeshinda, nakiri. Ila Jumamosi na Jumapili ile kutakuwa na watu kama mwenge umepita. Mama atauona mgongo wa mtu wa mbele.

DadaPerugia
saa 2:47 usiku

Hilo kweli. Basi alale Perugia, treni ni kama nusu saa. Ngazi za umeme zinapita ndani ya ngome ya Rocca Paolina mpaka katikati ya mji, na chemchemi ya 1278 iko pale. Lakini mwandae: mkate wetu hauna chumvi.

Mama Chapati
saa 2:50 usiku

Hauna chumvi kivipi?

DadaPerugia
saa 2:55 usiku

Hauna. Hata punje. Siku ya kwanza nilidhani mwokaji kasahau, nikarudisha dukani. Wenyewe wanasema ni tangu 1540, Papa Paulo wa Tatu alipopandisha kodi ya chumvi, Perugia wakaasi, wakapigwa, na ngome ikajengwa juu ya nyumba zao. Wakagoma kutia chumvi kwenye mkate hadi leo.

MwalimuWaHistoria
saa 3:02 usiku

Vita vya chumvi vya 1540 vilikuwepo kweli. Habari ya mkate ni ya vijiweni. Toscana nao mkate wao hauna chumvi na Papa hakuwatawala.

DadaPerugia
saa 3:04 usiku

Mwalimu, njoo uwaambie hivyo wazee wa baa ya mtaani kwangu, nitakununulia tiketi.

Mama Chapati
saa 3:10 usiku

Miaka karibu 500 mnakula mkate wa hasira. Hakuna chapati?

DadaPerugia
saa 3:12 usiku

Ipo! Torta al testo. Nene kidole kimoja, inaiva kwenye bamba la chuma bila mafuta, wanaipasua katikati wanatia jibini na mboga za majani. Mama wa Moshi hatalala njaa.

Mtanashati07
saa 3:20 usiku

Uzi umekuwa wa mapishi. Mleta uzi yuko wapi?

Kobe Mzee
saa 3:26 usiku

Mimi nauliza, hiyo Assisi nayo ina ZTL?

DadaPerugia
saa 3:27 usiku

Ina, mzee.

Kobe Mzee
saa 3:27 usiku

Asante. Nilitaka tu kujua.

NyotaYaMoshi
Alhamisi, saa 1:05 usiku

Nipo wakuu, nilikuwa nahangaika na vyumba. Assisi juu hakuna kitu, chini nimepata kwa masista usiku wa tarehe 1 na 2 tu, tarehe 3 wamejaa. Perugia kuna chumba, bado nakiwazia. Siena nimeiacha kwenye ukurasa wa pili wa kompyuta, siifungi.

Jana nikaona nimwambie mama ukweli. Nikamsomea uzi wote, kasoro ile sehemu ya rozari. Kacheka sana kwa Kobe Mzee na bibi wa mwavuli, akanirudisha nimsomee tena. Ya Assisi akaitikia tu, kama mtu anayesikia ratiba. Nilipofika kwa Kipanga akaninyamazisha. "Hicho kisima cha nyumbu, kiko mbali na Roma?" Nikamwambia saa moja na kidogo, ila mama, ni ngazi 248. Akasema kushuka hakumsumbui, kunakomsumbua ni kupanda.

Kipanga
saa 1:11 usiku

Sasa dada, ukishashuka chini kule utatokea wapi?

NyotaYaMoshi
saa 1:14 usiku

Nimemuuliza hivyo hivyo. Kasema tukifika chini tutajua.

Nyumbu_wa_Papa (mwanachama mpya)
saa 4:40 usiku

Nimejisajili kwa ajili ya huu uzi. Mtanashati07, zafarani ya San Gimignano uliinunua? Gramu moja wanauzaje?